Naamka saa nane usiku kula, halafu asubuhi sitaki hata kunusa chai. Hii ni nini?

FundiWaLuthuli:

Wadau habari za jioni. Niko na swali na naomba msinicheke sana, mnaweza kunicheka kidogo tu.

Mimi ni fundi wa simu pale Luthuli, ile barabara ya maduka ya simu tao Nairobi, nyumbani ni Kayole. Kinachonisumbua ni kula usiku. Sisemi supa ya kuchelewa, hiyo nusu ya Nairobi inakula saa tatu saa nne juu ya jam. Naongelea kuamka. Nalala kama saa tano hivi, ikifika saa saba ama saa nane macho yanafunguka yenyewe, si mkojo, si ndoto, ni kichwa tu kinaniambia enda jikoni. Nikijifunika nigeukie ukuta naanza kupiga hesabu ya kodi, mara karo, mara yule mteja ameacha simu tangu mwezi uliopita na hashiki nikipiga, na usingizi hauji ng'o mpaka niweke kitu tumboni. Basi naenda. Taa siwashi kwa sababu watoto wanalala sebuleni, nasimama hapo kwa kaunta gizani namega ugali baridi na mkono, nachovya kwa mchuzi wa maharagwe ulioganda, ule ukoko nao nakwangua polepole sufuria isilie. Kukiwa na chapati za Jumapili ndio hatari kabisa, mke wangu siku hizi anazificha kwa ndoo ya unga na bado nazipata.

Nikishakula nalala fofofo. Asubuhi sasa ndio kioja, nikinusa chai naskia kichefuchefu, natoka hivyo hivyo, nikifika tao ni strungi, chai ya rangi isiyo na maziwa, moja baada ya nyingine mpaka kama saa nane mchana ndio nakumbuka kununua smokie na yai, basi. Imeendelea hivi tangu mwaka jana. Suruali zimekataa kufunga, kiungulia kila usiku, na mchana nasinzia nikiwa nimeshika chuma ya kuchomelea, juzi nusura niunguze bodi ya mtu.

Sasa niambieni, hii ni njaa ya kawaida, ni tabia mbaya, ni minyoo ama ni ugonjwa? Na kama ni ugonjwa mtu anaanzia wapi?

Msoto254:

Buda pole lakini nimecheka hapo kwa ndoo ya unga 😂😂 yaani umeoa mpelelezi na wewe mwenyewe ni mpelelezi. Kunywa dawa ya minyoo kwanza, halafu nunua kufuli, jikoni ifungwe, madam alale na kifunguo chini ya mto. Wiki moja utakuwa umesahau.

ShangaziKariobangi:

Msoto usimdanganye mtoto wa watu. Kufuli haitibu mtu. Kuna jirani yangu alifungiwa hivyo hivyo, akaanza kuweka mkate na soda ndani ya gari, akiskia njaa anashuka na leso mabegani hadi pakingi, soja wa ploti ndiye alikuja kumuuliza mkewe kama kuna vita ndani.

Mwanangu Fundi nikuulize, ukiamka unaskia kiu? Unakojoa mara ngapi usiku? Nauliza kwa sababu mzee wangu alianza hivyo, kula ovyo usiku, maji lita kwa lita, sisi tunasema ni umri, kumbe ni sukari. Kabla ya kufuli na minyoo enda upimwe sukari na presha. Haichukui hata dakika kumi.

SistaZamu:

Shangazi ameongea vizuri, na hiyo ya kupima sukari ishike. Mimi ni nesi, nimefanya wodi ya usiku miaka mingi, wacha nieleze kidogo, itakuwa ndefu mnivumilie.

Fundi kwanza wacha kujiita wa tabia mbaya. Kuna hali inajulikana kabisa, tuiite ugonjwa wa kula usiku. Daktari mmoja wa Marekani, Albert Stunkard, aliuandika mwaka 1955, alikuwa anahudumia watu wanene akaona kuna wale ambao asubuhi hawataki chakula, jioni na usiku wanakula sana, na usingizi unawatesa, mambo matatu yanatembea pamoja. Na mwaka 2013 ile DSM-5, kitabu ambacho madaktari wa akili wa Marekani wanatumia kutambua magonjwa, ikautaja kwa jina kati ya matatizo ya ulaji. Kwa hivyo si kitu watu wa TikTok wametunga juzi.

Wakiangalia kama mtu anao wanauliza hivi: je, asilimia 25 ama zaidi ya chakula chako cha siku nzima inaingia baada ya supa? Ama unaamka kula mara mbili ama zaidi kwa wiki? Unajua unachofanya wakati ule na asubuhi unakumbuka? Imefika miezi 3? Halafu wanatafuta zile dalili zingine, kukosa hamu asubuhi, kutamani kutafuna kitu kati ya supa na kitanda, kukosa usingizi ama kukatika katika usiku, ile imani kwamba usipokula hutalala, na roho kuwa nzito zaidi ikifika jioni. Wewe soma ulichoandika hapo juu halafu ujihesabie. Mimi sikuoni kwa hivyo sikupi jina la ugonjwa kupitia simu, lakini ningekuwa wewe ningeenda na hiyo hiyo stori yako nimuonyeshe dokta, ni historia safi kuliko tunazopewa na wagonjwa wengi.

Na watu huchanganya hii na ulafi. Mtu wa ulafi anameza chakula kingi sana kwa mkupuo mmoja na anashindwa kujizuia. Wa usiku mara nyingi anakula kidogo tu, wanga wanga hivi, ugali, mkate, chapati, anachotafuta si shibe, ni usingizi.

Sasa kwa nini mwili unateseka. Mwili unajua mchana na usiku. Giza likiingia ubongo unatoa melatonini, homoni ya usingizi, na insulini, ile ya kushusha sukari, usiku haifanyi kazi vizuri vile inafanya asubuhi, kwa hivyo ugali ule ule, kipimo kile kile, ukila asubuhi na ukila saa nane usiku, wa usiku unapandisha sukari zaidi na inakawia kushuka. Halafu unarudi kulala papo hapo tumbo likiwa limejaa, asidi inapanda kooni, hicho ndicho kiungulia chako, na asidi yenyewe inakukatizia usingizi tena. Hata meno, mate hupungua ukilala, sasa chapati inakaa hapo mpaka asubuhi bila wa kuisafisha. Kesho yake huna njaa, unaruka chai, lunchi ni smokie, jioni mwili unadai deni lote la mchana na riba.

Kwa hivyo kwa maoni yangu shida yako usiitafute jikoni saa nane usiku. Itafute Luthuli saa nne asubuhi.

Msoto254:

Sista umenimaliza hapo kwa riba 😂 haya kufuli nimeiondoa, ya minyoo bado naisimamia

SistaZamu:

Minyoo pia inapimika, choo tu kwa maabara, dawa si ya kubahatisha. Lakini minyoo haijui saa nane usiku Msoto.

SojaWaGeti:

Mimi nalinda geti huku Westi, naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi. Chakula changu kikubwa ni saa saba usiku, githeri kwa kikopo. Sasa na mimi ni mgonjwa ama? Maana nikisoma hii naona kama ni mimi, isipokuwa mimi nalipwa nikikula.

SistaZamu:

Hapana ndugu yangu, wewe umeamshwa na kazi, huo ni mchana wako. Ile ni ya mtu ambaye angepaswa kulala na ana nafasi ya kulala. Lakini sukari na tumbo havijui kama unalipwa, ndio maana sisi wa zamu za usiku tunaongoza kwa kitambi. Vile mimi hufanya, nakula chakula chenyewe kabla ya kuripoti, usiku nashika kitu chepesi, uji ama yai na tunda, githeri nusu kikopo si mbaya, asubuhi nikifika nyumba nakula kidogo nilale. Soda na mandazi za saa tisa usiku ziache kabisa, zinakupa nguvu ya nusu saa halafu unasinzia geti likiwa wazi.

MwanaEastleigh:

Asalaam aleykum wadau. Swali la kando tu, sisi Ramadhani tunaamka daku saa kumi usiku kila siku mwezi mzima, na wengine tukishakula na kuswali tunarudi kulala. Hiyo nayo inahesabika? Maana mamangu akisoma hii ataanza kunyima watu daku.

SistaZamu:

Waaleykum salaam. Mwambie mama asinyime mtu. Daku umeipanga, umeamshwa, umekula kwa sababu mchana hutakula, na Ramadhani ikiisha unalala kama kawaida. Hakuna mtu anatoka kitandani kwa aibu. Kitu kimoja tu, sambusa na viazi karai za daku halafu papo hapo kitandani, hapo kiungulia mtasalimiana. Kaeni wima kidogo. Na mtu wa insulini ama vidonge vya kushusha sukari asifunge kabla hajaongea na daktari wake, tena mapema, si usiku wa kuamkia mwezi.

JiraniWaRoysambu:

Mimi ya kwangu ni tofauti na inaniogopesha. Tunaishi na dada yangu mdogo bedsita moja. Kuna usiku anaamka anaenda kwa meko anakula vitu vya ajabu, mara unga mkavu, mara kitunguu kizima kama tunda, siku moja nimemkuta anapaka blubendi kwa tishu. Nikimwita haitiki vizuri. Asubuhi hakumbuki kitu, anauliza nani amemwaga unga. Kuna wa kanisani amesema ni pepo. Alikuwa anameza tembe za usingizi alizonunua kemia bila kuandikiwa, alikuwa na stresi za kazi.

SistaZamu:

Jirani hii usiingoje. Si ya Fundi kabisa, Fundi yuko macho na anakumbuka hadi ladha ya maharagwe. Dada yako anakula akiwa usingizini, ni ndugu ya wale wanaotembea usingizini. Na swali la kwanza ambalo daktari atauliza ni hizo tembe. Kuna za usingizi, zolpidemu ndiyo inajulikana zaidi, zinaweza kufanya mtu aamke akapika, akala, hata akaendesha gari bila kujua. Mwaka 2019 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliamuru onyo zito kabisa liandikwe juu ya dawa za kundi hilo kwa sababu watu walikuwa wanaumia na wengine kufa. Soma pakiti uone imeandikwa nini, uibebe mwende nayo hospitali. Asiongeze nyingine, na kama amezimeza muda mrefu asizikate ghafla peke yake, daktari ndiye atamwambia anaachaje. Pia muulize dada yako kama miguu humsumbua usiku, ile ya kuwasha washa ndani hadi lazima uichezeshe, hiyo pia hutembea na kula usingizini.

Kwa sasa usiku gesi ifungwe kwa mtungi wenyewe, visu viwekwe juu, dawa ya panya na jiki zitoke karibu na meko. Si kumfungia yeye, ni kumkinga. Maombi endeleeni nayo, na hospitali mwende pia.

JiraniWaRoysambu:

Asante sista, gesi nimefunga sai nikisoma. Pakiti iko, nimeiona jina ni hiyo hiyo karibu. Kesho asubuhi tunaenda.

KadogoWaJuja:

Naongezea tu kidogo kwa ya Fundi. Tulisoma darasani utafiti wa Chicago wa 2004, walichukua vijana 12 wa kiume wenye afya, wakawaweka kitandani masaa 4 tu kwa usiku, siku mbili, halafu wakawalinganisha na walipopewa masaa 10. Wakiwa wamelala kidogo homoni ya kushiba, leptini, ilishuka asilimia 18, ya njaa, grelini, ikapanda asilimia 28. Na walichotamani zaidi ni vitu vya sukari, vya chumvi na wanga. Yaani si kula usiku tu kunaharibu usingizi, hata usingizi mbovu wenyewe unaleta njaa. Kweli vijana 12 ni wachache lakini tafiti zingine pia zilienda njia hiyo hiyo.

Halafu Fundi hizo strungi. Kafeini nusu yake bado iko mwilini baada ya kama masaa 5. Ya mwisho huwa saa ngapi?

FundiWaLuthuli:

Jamani asanteni, sikudhani mngejibu hivi. Nijibu zote kwa pamoja.

Shangazi, kiu si sana, mkojo ni mara moja, wakati mwingine hakuna. Lakini mamangu ana sukari, hiyo sikuwa nimesema. Kadogo, strungi ya mwisho ni saa moja jioni tukifunga duka, na nikifika nyumbani naongeza ya maziwa na supa. Nikihesabu hapo naona kabisa. Sista ile ya roho kuwa nzito jioni umenigusa. Mchana niko sawa na wasee kazini, utani, redio juu, lakini nikishuka gari usiku kuna kitu kinanishika sijui niite nini, sina sababu. Mke wangu anadhani nina hasira naye.

Sasa swali. Nikienda hospitali nimwambie nani? Maana nikisema naamka kula ugali dokta atacheka, na mtu wa akili nikienda wa ploti wakijua nimeisha.

SistaZamu:

Hakuna dokta atacheka, na akicheka enda kwa mwingine. Anza na daktari wa kawaida kliniki yoyote ya karibu ama hospitali ya kaunti, apime sukari, presha, uzito, tumbo, na kiungulia apate kukitibu maana kinaweza kuwa kinakuamsha kabla ya njaa. Mweleze hiyo ya jioni pia, usiifiche, ndiyo muhimu kuliko ugali. Akiona inahitaji mtu wa akili atakuandikia barua, na kliniki za akili ziko hata KNH, ile hospitali ya Kenyatta, na hospitali kubwa zingine, watu wamekaa kwa foleni na briefkesi zao, hakuna aliyeandikwa kwa paji la uso. Wewe ploti yako haijui hata ukienda kwa meno.

Matibabu yapo, usidhani ni jambo la kuishi nalo tu. Kuna ya kuongea na mtaalamu, wiki kwa wiki, mnashughulikia hiyo imani ya bila kula silali, inasaidia wengi. Kuna dawa pia, wengine huandikiwa za kundi la kutibu sonona kama sertralini, lakini hiyo ni ya daktari, si ya kemia ya pale kona.

Ukingoja, fanya haya. Asubuhi ule hata kama hutaki, hata yai moja na ndizi, ama uji nusu kikombe, wiki ya kwanza utalazimisha, baadaye njaa ya asubuhi inarudi yenyewe. Tembea kidogo juani ukienda kazini, mwanga wa asubuhi ndio unauambia mwili siku imeanza. Lunchi ya kukaa chini, si smokie ya kusimama. Supa iwe na protini, ndengu, maharagwe, omena, mapema vile jam inaruhusu, na masaa mawili matatu yapite kabla ya kulala. Strungi ikome saa nane mchana. Na usiku ukiamka usianze vita, kunywa maji, keti pahali penye giza dakika kumi na tano bila simu, hizo hesabu za kodi ziandike kwa karatasi mapema jioni zisikungoje kitandani. Ukishindwa ukala, kula kidogo, urudi kulala, kesho uendelee. Ukianza kujipiga kwa kosa la usiku ndio unaruka chai ya asubuhi tena na mzunguko unaanza upya.

ShangaziKariobangi:

Na umwambie mke wako baba. Hajui kama ni ugonjwa, yeye anaona chapati za watoto zimeenda na mume amenuna. Muonyeshe hii hapa asome mwenyewe. Akufungie lunchi kwa bakuli, ubebe, iko rahisi kuliko smokie za kila siku ukipiga hesabu.

FundiWaLuthuli:

Nimemwonyesha sai. Amesoma hadi pale kwa ndoo ya unga akaniangalia tu. Lunchi amekubali. Jumamosi asubuhi naenda kupima sukari, kuna kliniki hapa karibu na stage.

SistaZamu:

Vizuri. Sukari ya asubuhi wanataka uwe hujala masaa 8 hivi, maji tu. Ikisoma 7.0 (mmol/L) ama zaidi wanarudia siku nyingine kuthibitisha.

FundiWaLuthuli:

Masaa 8 bila kula usiku?? Sista hebu rudi usome swali langu 😂

SistaZamu:

😂😂 Haki nimesahau naongea na nani. Basi omba kile kipimo cha damu cha HbA1c, kinaangalia wastani wa sukari yako kwa miezi 2 hadi 3 iliyopita na hakihitaji kufunga. Bei iko juu kidogo, piga simu kwanza uulize kama wanacho hapo kliniki, wengine hutuma damu kwa maabara ya tao na majibu ni kesho yake. Ikisoma asilimia 6.5 ama zaidi ndio unaanza kuongea na daktari kuhusu kisukari, na kama ni chini ya hapo bado mwonyeshe, kwa sababu ya mamako.

Msoto254:

Na minyoo?

SistaZamu:

Na choo pia Fundi, tumalizane na huyu.